Panya Namba 17 Yuko Wapi?

Hadithi yangu ya leo haina sungura mjanja wala fisi mlafi. Ina panya. Si yule wa darini anayetafuna magunia usiku, bali panya shamba, mdogo, wa kahawia, anayefukua mbegu za mahindi siku mbili tatu baada ya mkulima kuzipanda. Mkulima akiamka anakuta vishimo vitupu vimefuatana mstari mzima, na hana budi kurudishia mbegu kwa pesa ambazo hakuzipangia. Mwaka ambao panya wamefurika, hata hizo za mara ya pili huliwa.

Sasa mkulima huyo akiuliza, "Shambani kwangu kuna panya wangapi?" atajibiwa nini? Panya hapangi foleni. Mchana hatoki. Hana cheti cha kuzaliwa, na akifa hakuna anayepeleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Hata hivyo, pale Morogoro, kwenye mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, watafiti wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa miaka mingi, na wamelijibu pia lile lililo gumu zaidi: kati ya panya mia walio hai mwezi huu, wangapi watakuwa hai mwezi ujao? Kwangu mimi hilo la pili ndilo swali lenyewe. Idadi ni picha ya siku moja tu. Ukitaka kujua wanakoelekea, lazima ujue nani anaishi na nani anakufa.

Tuanze na mtego, maana bila mtego hakuna hadithi.

Ni kijisanduku cha bati jepesi, urefu wake kama sentimita 23, chenye mlango unaofyatuka na kujifunga panya akikanyaga kibati cha ndani. Hauui. Chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, na nakuhakikishieni harufu yake inamtoa panya shimoni kuliko jibini lolote mnaloliona kwenye katuni. Uwanja mmoja wa utafiti pale Morogoro una hekta 3, na mitego hupangwa kila baada ya mita 10, kwa urefu na kwa upana. Chukueni kalamu mkokotoe: hekta moja ni mita za mraba 10,000, kila mtego una eneo lake la mita za mraba 100, kwa hiyo mitego yote ni 300.

Jioni mitego hutegwa. Alfajiri inayofuata huzungukiwa mmoja mmoja, mapema, kabla jua halijapasha bati na kumchemsha aliyemo. Mtego uliofungwa huinuliwa na kutikiswa kidogo, uonekane kama una uzito. Panya hutolewa kwa kuangushwa kwenye mfuko wa kitambaa, akapimwa uzito humo humo kwa mizani ya kuning'iniza, kisha akashikwa kwa ngozi ya nyuma ya shingo ili asigeuke kuuma. Dume au jike? Kama ni jike, ana mimba? Ananyonyesha? (Jike wa panya huyu anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na uzao mmoja wenye watoto 11 si wa kushangaza hata kidogo.) Yote huandikwa. Mwisho panya hupewa alama yenye namba yake, na huachiwa pale pale aliponaswa.

Alama hiyo zamani ilikuwa kukata ncha za vidole kwa mpangilio unaosomeka kama namba. Sikuipenda niliposikia, na najua nanyi hamtaipenda. Siku hizi wapo watafiti wanaotumia kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi na kusomwa kwa mashine. Na kabla hamjauliza: hapana, hawa si wale panya maarufu wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu. Wale ni panya buku, wakubwa mno, na chuo ni hicho hicho, lakini kazi nyingine kabisa.

Haya. Tumewatia alama baadhi. Tutajuaje walio wote?

Nendeni jikoni mkachukue maharage, konzi tatu nne, na msihesabu. Mwagieni kwenye bakuli. Chagueni 40 muyatie doa la wino, myarudishe, mkoroge vizuri. Sasa mmoja wenu afumbe macho achote 30. Tuseme katika hayo 30, yenye doa ni 12. Fikirini pole pole: mkono ulichota bila kuona, kwa hiyo sehemu ya yenye doa ndani ya konzi inakaribia sehemu ya yenye doa ndani ya bakuli zima. Kumi na mbili kati ya thelathini ni mbili ya tano. Basi yale 40 mliyotia doa ni mbili ya tano ya yote, na yote ni 100. Kwa njia ya mkato: 40 mara 30, gawanya kwa 12. Hesabuni sasa bakuli zima muone mmekosea kwa kiasi gani. Mtakosea, lakini kidogo, na mkirudia mara nyingi mtaona makosa yanacheza huku na huku ya jibu la kweli.

Njia hii inakumbukwa kwa majina ya watu wawili. Mdenmark C. G. J. Petersen alitia alama samaki na kuandika habari zake mwaka 1896. Mmarekani Frederick Lincoln akaitumia kwa mabata waliovishwa pete miguuni, na akaandika mwaka 1930. Samaki, bata, panya, maharage: hesabu ni ile ile.

Ila maharage yana adabu ambayo wanyama hawana. Harage halikumbuki kuchotwa. Panya anakumbuka. Yupo panya ambaye akinaswa mara moja anaapa hatakanyaga tena kile kijisanduku, hata kiwe na karanga za dunia nzima. Matokeo yake, raundi ya pili mtaona wenye alama wachache kuliko inavyostahili, na hesabu itawaambia panya ni wengi kuliko walivyo. Yupo pia panya mlafi. Huyu amegundua kwamba kijisanduku kina chakula kitamu, ndani hakuna paka, na asubuhi anakuja mtu kumfungulia mlango. Atarudi kila usiku. Wenye alama wakijaa mitegoni namna hiyo, hesabu itasema panya ni wachache, na mkulima atalala usingizi wa uongo.

Isitoshe, bakuli la maharage limefungwa. Hakuna harage linalozaliwa usiku, halifi, halihami kwenda bakuli la jirani. Shamba liko wazi pande zote. Hapo ndipo watafiti walipotumia akili niliyoipenda sana, ambayo mwanatakwimu Kenneth Pollock aliieleza mwaka 1982. Mitego hutegwa kwa siku tatu mfululizo, kisha watu huondoka na kurudi mwezi ujao kwa siku tatu nyingine, na kuendelea hivyo. Ndani ya siku hizo tatu, vifo na vizazi ni vichache mno, kwa hiyo unaweza kujifanya shamba limefungwa na ukahesabu waliopo kama maharage. Kati ya mwezi na mwezi, milango iko wazi: wengine wanakufa, wengine wanaingia. Siku tatu zinakupa idadi, na mwezi mzima unakupa mabadiliko.

Sasa ndiyo anaingia panya namba 17.

Tumtunge wenyewe, pamoja na idadi za wenzake, ili hesabu iwe nyepesi. Januari tumenasa panya 100 na kuwatia alama, namba 17 akiwa mmoja wao. Februari tunarudi, na kati ya wale 100 tunanasa 40 tu. Namba 17 hayumo. Mtu mwenye haraka atasema, "Sitini wamekufa." Ataandika kwenye daftari: walionusurika ni 40 kati ya 100. Ataenda kunywa chai.

Machi tunarudi tena. Kati ya wale 100 wa Januari tunanasa 30. Na nani yumo? Namba 17, amenona, ana kovu jipya sikioni. Februari alikuwa wapi? Labda shimoni na homa. Labda mtego wa karibu naye ulishachukuliwa na mwenzake aliyewahi. Hatujui, na wala hatuhitaji kujua. Tunachojua kwa hakika ni kimoja: Februari alikuwa hai, maana panya hafufuki.

Tazameni vizuri hao 30 wa Machi, kwa sababu wamebeba siri yote. Wote 30 walikuwa hai Februari. Katika daftari la Februari tunakuta 20 kati yao waliandikwa, na 10, akiwamo namba 17, hawakuandikwa. Maana yake, Februari panya aliye hai alikuwa na nafasi ya kunaswa ya 20 kati ya 30, yaani mbili ya tatu. Kumbe mitego yetu huona mbili ya tatu tu ya walio hai! Basi wale 40 tuliowaona Februari walikuwa mbili ya tatu ya waliokuwa hai, na waliokuwa hai walikuwa 60.

Sitini, si arobaini. Yule aliyeenda kunywa chai aliua panya 20 kwa kalamu.

Someni tena aya hizo mbili kama zimewapita, kwa sababu humo ndimo elimu yote ilimojificha. Mnyama asipoonekana kuna mambo mawili: amekufa, au yupo na hatukumwona. Kwa ziara mbili tu huwezi kuyatenganisha. Ukiwa na ziara tatu au zaidi, wale waliopotea katikati na kurudi ndio wanaokufundisha macho yako yana upofu kiasi gani. Miaka ya 1964 na 1965 wanahisabati watatu, kila mmoja kwenye karatasi yake, waliliandika jambo hili kwa kanuni zilizokamilika: Richard Cormack, George Jolly na George Seber. Mpaka leo watafiti wa wanyama wakitaja herufi tatu za mwanzo za majina hayo, wenzao wote wanajua wanazungumzia nini. Mshikeni huyo wa katikati, Jolly. Tutamkuta tena, safari hii angani.

Sitini kati ya mia kwa mwezi si vibaya, mtasema. Subirini. Mwezi wa pili wanabaki 36. Wa tatu, kama 22. Endeleeni kuzidisha kwa 0.6 hadi miezi 12 itimie, na mtaona kwamba mngeanza na panya 1,000, mwishoni mwa mwaka wangebaki wawili. Namba zangu ni za mfano, lakini sura yake ni ya kweli: panya shamba wachache sana hufikisha mwaka. Bundi, nyoka, paka wa jirani, njaa ya kiangazi, jembe la mkulima. Kila mmoja ana fungu lake.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii haiwezi kulitatua, nami sitaki kuwaficha. Tuseme panya namba 23 amevuka mpaka wa shamba letu na kuhamia kwa jirani, na huko anaishi raha mustarehe, ana wajukuu. Kwetu hatarudi tena. Kwenye daftari yeye na aliyeliwa na bundi wanafanana kabisa. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu akisema "60 kati ya 100", anamaanisha 60 waliobaki hai *na* waliobaki hapa. Ukitaka kujua waliohama, lazima utege mitego kwa jirani pia, au umfunge mnyama kidude kinachotoa ishara.

Na ishara hizo zimewahi kuwaumbua watu. Kisiwani Mafia, katika ghuba ya Kilindoni, huja potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ingawa chakula chake ni vidudu vya baharini vya aina ya uduvi, vidogo kuliko ukucha. Watalii na wavuvi humwona zaidi kati ya Oktoba na Machi. Baada ya hapo kimya. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba amehama, amekwenda zake bahari kuu. Potwe hategwi kwa kijisanduku, bila shaka. Alama yake anazaliwa nayo: madoa meupe mgongoni na ubavuni, ambayo hayalingani kwa samaki wawili. Watafiti hupiga picha ubavu, nyuma kidogo ya matamvua, na kompyuta hulinganisha mpangilio wa madoa kwa programu iliyotokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha picha za nyota. Hilo lilianzia kwa potwe wa Australia na kuchapishwa mwaka 2005. Mmoja wa waandishi wake, Zaven Arzoumanian, kazi yake ilikuwa nyota, si samaki.

Basi pale Mafia watafiti waliwafunga baadhi ya potwe vidude vinavyolia sauti ambayo sikio letu halisikii, na wakaweka vinasa sauti chini ya bahari kuzunguka eneo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Miezi ile ambayo juu hakuonekana potwe, vinasa sauti viliendelea kuandika: yupo, yupo, yupo. Wengi wao hawakuhama. Walisogea mbali kidogo na pwani, kwenye maji yenye kina zaidi, mahali ambapo jicho la mtu aliye kwenye boti halifiki. Kama mtu angeandika "msimu umeisha, samaki wamekwenda," angeandika habari za macho yake, si za samaki.

Turudi Morogoro, maana mkulima bado anasubiri jibu lake.

Kujua wanaonusurika ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni wanaoongezeka. Tulianza na 100, wakabaki 60. Tuseme mwezi huo huo panya wachanga 75 wametoka mashimoni au wamehamia kutoka kwa jirani. Jumla 135. Gawanya 135 kwa 100 unapata 1.35, na hiyo ndiyo namba ninayotaka muikumbuke kuliko zote za leo. Ikiwa juu ya moja, wanyama wanaongezeka. Ikiwa moja kamili, wako pale pale. Ikishuka chini ya moja, wanapungua, hata kama kwa macho unaona bado wamejaa. Tofauti ndogo inatisha kuliko inavyoonekana: wanyama 100 wakizidishwa kwa 1.1 kila mwezi, baada ya mwaka ni 314. Wakizidishwa kwa 0.9, ni 28.

Kitu gani kinaisukuma namba hiyo kwa panya wa Morogoro? Mwaka 1997 jarida la *Nature* lilichapisha kazi ya Herwig Leirs na wenzake kuhusu panya hao hao, wenye alama zao, waliofuatiliwa mwezi baada ya mwezi. Waligundua mambo mawili yanayofanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni msongamano: panya wenyewe wakiwa wengi, maisha ya kila mmoja hubadilika, namna anavyokua na nafasi yake ya kuuona mwezi ujao. La pili ni mvua ya miezi mitatu iliyotangulia. Mvua huotesha nyasi changa, nyasi huamsha uzazi. Kwa kawaida panya huanza kuzaa masika yakiwa yamekolea. Lakini vuli ikinyesha sana, wanaanza mapema, mwanzoni mwa mwaka, na watoto hao hukua upesi wakazaa nao kabla mwaka haujaisha. Vizazi viwili badala ya kimoja, na kila uzao una watoto kumi na kitu. Mkulima wa Morogoro akiona vuli imekuwa nzito, ana miezi kadhaa ya kujiandaa kabla panya hawajafurika. Hiyo ndiyo faida ya kumwandika namba 17 kwenye daftari.

Wanyama wakubwa nao wana hesabu yao, ila namba zinakwenda kwa mwendo mwingine.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu nyumbu. Walipata 99,481. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai, na amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Ile namba yao ina mvuto: si laki moja, si "kama elfu tisini na kitu", bali 99,481, na huyo mmoja wa mwisho kabisa. Lakini mwaka 1961 wengine waliohesabu kwa picha walipata takriban 250,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na ndama wengi wa wakati ule walikuwa wakifa. Laki moja haiwezi kuwa laki mbili na nusu kwa miaka mitatu kwa mwendo huo. Maelezo yaliyo rahisi ni kwamba nyumbu wengi walikuwapo mwaka 1958, chini ya miti, ndani ya vumbi, nyuma ya mgongo wa ndege, na hawakuonekana. Namba iliyoandikwa mpaka mnyama wa mwisho si lazima iwe ya kweli kuliko ile inayosema "takriban". Mimi huiamini zaidi ya pili, kama mwenyewe anaeleza alivyoipata.

Kisha jambo kubwa likatokea. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Sotoka ikakatika miongoni mwa ng'ombe, na nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma hata sindano moja, wakapona nao. Nyumbu hawakuanza kuzaa pacha. Kilichobadilika ni kwamba ndama waliozaliwa waliishi. Na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika takriban milioni 1.4. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutoweka duniani kote mwaka 2011.

Siku hizi wanyama wakubwa wa mbugani huhesabiwa kwa ndege inayoruka mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa. Vijiti viwili hufungwa kwenye mhimili wa bawa, na mhesabuji huhesabu tu wanyama wanaopita kati ya vijiti hivyo. Eneo lililoonekana linajulikana, eneo zima linajulikana, kilichobaki ni kuzidisha kwa uangalifu. Na kanuni za uangalifu huo aliziandika nani? Ni yule yule George Jolly, mwaka 1969, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Mtu mmoja, kalamu moja, kwa panya wa mtegoni na tembo wanaohesabiwa kwa ndege.

Tembo ndiye anayenitia hofu, na nitawaeleza kwa nini kwa hesabu, si kwa huruma. Jike hubeba mimba miezi 22, anazaa ndama mmoja, na hukaa miaka minne mitano kabla ya kuzaa mwingine. Panya akipoteza wenzake 40 kati ya 100 kwa mwezi, uzazi unalipa. Kwa tembo uzazi hauna haraka hiyo. Uhai wa majike wakubwa ndio unaobeba kila kitu. Tanzania ilikuwa na tembo takriban 109,000 mwaka 2009. Kufikia mwaka 2014, baada ya ujangili mkali, walikuwa takriban 43,000. Ukitafuta namba inayopeleka 109 hadi 43 kwa kuzidisha mara tano, utapata kama 0.83. Yaani kila mwaka, kati ya tembo mia, 17 walitoweka bila kurudishwa na wanaozaliwa. Tuseme sasa ulinzi ni mzuri na wanaongezeka kwa 5 kati ya mia kila mwaka, mwendo ambao kwa tembo ni wa kujivunia. Hasara ya miaka mitano itachukua miaka 19 kurudi. Jaribuni wenyewe kwa kikokotoo. Mimi nilirudia mara mbili nikidhani nimebonyeza vibaya.

Kazi ya nyumbani ni hii, na haihitaji ndege. Mvua ikinyesha, bustani ya shule hujaa konokono. Wakusanyeni jioni moja, mtie kila mmoja tone dogo la rangi ya kucha juu ya gamba, si zaidi, muandike idadi, muwaachie walipokuwa. Msitumie kalamu ya wino, mvua itafuta. Baada ya siku tatu kusanyeni tena. Mkitia alama 24, halafu mkakusanya 30 na kukuta 8 wana tone, bustani yenu ina kama 90. Kisha rudini tena baada ya wiki mbili, na wiki mbili nyingine, kila safari mkitumia rangi tofauti, mpate kujua nani alipotea katikati akarudi. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi, na mkimaliza naweni kwa sabuni: konokono huweza kubeba vijidudu vya minyoo, ambavyo huvipata kutoka kwenye mavi ya panya.